Mandazi Yaliyobaki Nkanka

Nasikia siku hizi mkutano wa kuanza mradi mnaufanya kwenye simu. Kila mtu kwake, kamera imezimwa, na mwenye mradi anasema peke yake kama padri aliyekimbiwa na waumini. Mwisho anauliza kama kuna swali, anangoja kidogo, anashukuru, na nyote mnaandika "sawa" kwenye kikundi cha WhatsApp. Kisha mnashangaa kwa nini kila mmoja anajenga kitu chake. Msidhani nawacheka. Sisi tulifanya makosa hayohayo, ila tuliyafanya tukiwa tumekalia viti vya plastiki, na kulikuwa na chai.

Mimi ni Esperance, ingawa hapa Kamembe jina hilo hulisikia benki na kanisani tu. Kwingine kote ni Maman Espe. Nilizaliwa Bukavu, ng'ambo ya mto, tukarudi Rwanda nikiwa tayari msichana mkubwa mwenye Kiswahili cha kule na mdomo wa kule. Nilipata kazi katika kampuni ndogo ya ujenzi na sikuiacha mpaka nilipostaafu. Sikuwa injinia. Kazi yangu ilikuwa kufungua. Kampuni ikipata soko la kujenga, au daraja la miguu, au sakafu ya kuanikia mpunga kule Bugarama, mimi nilitangulia kwenda kuita watu, kukodi viti, kutafuta wa kuomba na wa kupika, na kuhakikisha kwamba kabla jembe halijagusa udongo kila mtu anajua ni nini kinaanza, nani atafanya nini, na nani ataamshwa kwa simu alfajiri mambo yakiharibika. Kwenye karatasi niliitwa mratibu. Mafundi waliniita Maman Ufunguzi, na sikuchukia.

Basi niwaambie jambo moja ambalo hakuna shule inayolifundisha: mkutano wa kuanza unaanza kuharibikia kwenye viti. Mnapanga mbele viti vyenye mikono kwa ajili ya wageni, halafu nyuma mabenchi kwa ajili ya wenyeji. Wa mbele amekuja kupigwa picha, na gari lake limegeuzwa tayari, linatazama barabara. Yule mtakayemhitaji kila siku mpaka kazi iishe, mwenye shamba ambalo bomba litapita, mwenye ufunguo wa stoo, anakaa benchi la mwisho karibu na mlango, na anatoka kwanza. Nilijaribu miaka mingi kukalisha watu kwa duara. Kila nikigeuka, duara lilikuwa limejinyoosha lenyewe na kuwa mistari.

Na utambulisho. Wanangu, ogopeni utambulisho. Kule Bugarama tulifungua mradi wa sakafu ya mpunga siku ya Ijumaa, asubuhi nzuri, watu wamejaa, Wakatoliki, Waislamu, wafanyakazi wa saruji waliotoka zamu. Kila mtu alisimama akajitambulisha, akamshukuru Mungu, akaishukuru serikali, akamshukuru aliyemtangulia kwa kujitambulisha vizuri. Penye wengi hapaharibiki neno, lakini muda unaharibika. Wa mwisho alipokuwa bado anashukuru, Waislamu wakainuka kwenda kusali, wengine wakanusa chakula cha mchana, na mgeni wa heshima akatazama saa akafunga. Hakuna aliyekuwa ametaja mpunga. Kesho yake nilikutana njiani na mzee mmoja mkulima. Alinishika mkono kwa furaha.

"Maman, tulifurahi sana kujuana," alisema. "Sasa, mulikuyaka kufanya nini?"

Hakuwa ananikejeli. Alikuwa anataka kujua.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Papa Gaspard, mkuu wetu wa kazi, mtu mnene wa maneno machache, naye wa kutoka Bukavu kama mimi. Alikuwa na pikipiki nzima kabisa, inayowaka kwa kuguswa. Lakini kila mkutano wa kuanza ulipofungwa, pikipiki hiyo iligoma. Papa Gaspard alichuchumaa kando yake, akafungua plagi, akaipuliza, akaifuta kwa kitambaa, akaifunga, akaifungua tena. Wageni walipanda magari yao wakaondoka. Wenyeji, ambao hawawezi kupita mtu mwenye shida bila kumpa ushauri, walimzunguka. Walianza na plagi. Kisha, bila kumtazama usoni, mmoja angesema kwamba ile njia tuliyochora hupitwa na maji wakati wa masika. Mwingine angesema kwamba yule tuliyemchagua kulinda saruji ana shemeji anayejenga nyumba. Wakishamaliza, pikipiki iliwaka.

Mara ya kwanza nilimwonea huruma, nikamwambia tumtafute fundi.

"Maman," alinijibu akiwa bado amechuchumaa, "mukutano haiishake na maombi. Na maombi njo inaanza."

Ilinichukua muda kuelewa kwamba maombi ya kufunga ndiyo yanayouanza. Huku kwetu mtu aliyelelewa vizuri hamwambii mgeni "hapana" mbele za watu. Anasema "yego", anapiga makofi, kisha anarudi nyumbani na hapana yake mfukoni. Ukitaka kuiona, inabidi umfuate, au umpe sababu ya kusimama. Ndiyo maana nawaomba, mkishafunga mkutano wenu wa simu, msikate wote kwa pamoja. Mpigie mmoja. Muulize habari za watoto. Ongeeni juu ya mvua. Hapana itatoka yenyewe, kama paka anayetoka chini ya kitanda ukiacha kumwita.

Sasa niwape ya Nkanka, kwa sababu ndiyo ilikuwa ya mwisho kwangu na ndiyo sijaisahau.

Tulipewa kujenga gati mwaloni kule Nkanka, mahali mitumbwi ya wavuvi wa sambaza, wale dagaa wa ziwani, inaporudi asubuhi. Gati, banda la kuchagulia samaki, na uwanja wa magari yanayokuja kununua. Kazi nzuri, kila mtu aliitaka. Injinia alikuwa Patrice, kijana wetu wa hapahapa Kamembe, nasema hivyo mapema ili msije mkasingizia watu wa mbali. Mpole, msomi, anapenda kazi yake, na ana ugonjwa mmoja tu: alikuwa hajawahi kuuliza swali ambalo hajui jibu lake.

Pale mwaloni, hatua chache kutoka majini, kulikuwa na kibanda cha mbao cha Maman Vestine. Alipika chai na mandazi, na wavuvi walipotoka majini asubuhi, wamelowa na wanatetemeka, walikwenda moja kwa moja kwake kabla hata ya kupima samaki. Kwenye mchoro wetu kibanda hicho hakikuwepo. Hatukuwa watu wabaya: Patrice alikuwa amemchorea Maman Vestine kioski kipya juu kabisa, kando ya barabara, cha saruji, chenye umeme na mlango wa chuma. Alikionyesha ofisini kwa fahari. Alikuwa na hakika kwamba mama wa watu atalia kwa furaha. Hakuna aliyekwenda kumuuliza, kwa kuwa zawadi haiulizwi.

Kwa hiyo katika Nkanka nzima mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na cha kupoteza siku ile ya ufunguzi, kibanda chake cha kando ya maji. Na kwa kuwa hakuna mwingine anayepika vizuri upande ule, ndiye tuliyempa kazi ya kupika chai na mandazi ya mkutano.

Tulikutana katika darasa tuliloazimwa wakati wa likizo, saa tatu asubuhi. Saa tatu ni saa nzuri kwa mtu aliyelala. Wavuvi walikuwa wametoka majini, hawajalala, hawajala, maana mpishi wao alikuwa na kazi yetu. Walikaa mabenchi ya nyuma wakiinamisha vichwa kidogo kidogo, na Patrice, ambaye alikuwa anaonyesha kwa projekta picha za mwaloni zilizopigwa kutoka hewani, aliona vichwa vinainama akafurahi kwamba wanakubali kila kipengele. Alieleza gati. Alieleza banda. Alieleza uwanja wa magari. Alieleza kioski cha barabarani, na hapo akatabasamu akatazama mlangoni, alikosimama Maman Vestine na beseni la mandazi.

"Kuna swali?" akauliza.

Kimya. Wazee walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mshindo huo hausikiki ukiwa unakusanya waya za projekta. Mgeni wa heshima akaomba makofi. Watu wakapiga, kwa pamoja, kwa mpangilio, kama tunavyojua kupiga. Maman Vestine akaweka beseni chini akapiga naye. Mikono yake ilikuwa na unga, nao ukaruka hewani mbele ya uso wake. Katibu akaandika: imekubaliwa kwa kauli moja.

Kisha tukaleta chai, na hakuna aliyechukua andazi.

Mnajua mandazi ya mkutano. Hayajawahi kubaki tangu mikutano ilipoanzishwa. Watu hula, hufunga mengine kwenye leso kwa ajili ya watoto, na mwenye koti huondoka na mifuko imevimba. Siku ile beseni lilipita benchi hadi benchi, kila mtu akalipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akampa jirani. Likarudi mbele limejaa kama lilivyotoka.

Na hapa ndipo Patrice alipofanya kosa ambalo injinia kutoka mbali asingeliweza hata kwa kusomea. Yeye ni mtoto wa hapa. Amelelewa na bibi. Anajua kwamba kwetu mtu hali chakula cha mwenzake mpaka mwenye kukaribisha ameonja kwanza, wote waone, ili kusiwe na mashaka ya sumu. Basi akaelewa, au akadhani ameelewa. Akainuka, akachukua andazi, akaliinua juu kidogo kama padri, akalila. Akameza. Akangoja. Akanywa chai, akaonyesha kikombe. Akachukua lingine. Wavuvi walimtazama kwa heshima kubwa. Akala la tatu, sasa polepole, jasho linamtoka, na mgeni wa heshima anamwangalia kwa wasiwasi.

Papa Silas, mkuu wa kundi kubwa la mitumbwi pale, mzee wa sauti ya chini, akamhurumia.

"Kula tu, mutoto yangu," alimwambia. "Siye tumeshiba."

Watu waliokesha majini, ambao hawakuwa wametia kitu mdomoni tangu jana. Husemwa mwenye njaa hana miiko. Basi mimi niliwaona pale wenye njaa, na miiko yao wamekaa nayo kwenye benchi.

Tulifunga kwa maombi. Patrice akaandika kwenye kikundi: "Ufunguzi umekwenda vizuri sana, wenyeji wameridhika." Akapanda gari akishika tumbo.

Mimi sina pikipiki. Nina vyombo. Kila mkutano ukiisha nilikuwa na vikombe vya kurudisha kwa mtu, na ukiwa na vikombe vya kurudisha unaweza kuingia jikoni kwa yeyote. Nikachukua beseni la mandazi kichwani nikateremka mpaka mwaloni. Na pale kwenye kibanda cha Maman Vestine niliwakuta wote. Papa Silas na watu wake, vijana kwa wazee, wamejibana kwenye mabenchi, wanakula mandazi. Mandazi yaleyale, ya unga uleule, aliyoyabakiza kwa ajili ya biashara yake. Na walikuwa wamelipia.

Papa Silas alisogea nikapata pa kukaa.

"Papa Silas," nikasema, "si ulisema mumeshiba?"

"Kule tulishiba," akajibu. "Huku tuko na njaa."

Nikacheka, yeye hakucheka.

"Maman, tungekula ile ya kule, ni sawa na kula ku matanga ya muntu iko bado muzima," alisema. "Na tena ye mwenyewe njo alipika. Hapana. Makofi tulipiga, makofi haina kitu. Lakini kukula, hapana."

Maman Vestine alikuwa anaosha vikombe, mgongo wake kwetu. Ni mwanamke mrefu, mwepesi wa mikono, si mtu wa malalamiko. Nikamuuliza, kwa upole niliouweza, kwa nini alipiga makofi.

"Maman Espe, batu bote balipiga," alisema. "Mikono yangu ningeiweka wapi?"

"Na kile kioski cha barabarani, hukukipenda?"

"Ni kizuri. Kina simenti."

"Basi?"

Akachukua kikombe kingine. Wanaume wote wakatazama ndani ya vikombe vyao, kana kwamba chai imeandikwa kitu. Papa Silas akakohoa.

"Ile haisemwake hapa," akaniambia taratibu. "Siku batu banaenda mu maji, ile haisemwake."

Wanangu, ukiambiwa hivyo na mvuvi, unanyamaza. Nilinywa chai yangu. Tukazungumza habari za sambaza, ambao walikuwa wadogo msimu ule. Nilipoinuka, Maman Vestine aliacha vikombe akanisindikiza, kama desturi. Tulipanda mlima pamoja mpaka maji yakawa hayaonekani tena, ni mikaratusi tu, na hapo ndipo alipofungua mdomo.

Mwanawe wa kwanza, Janvier, alikuwa katika kundi la Papa Silas. Kila jioni anaingia ziwani, kila asubuhi anarudi. Kutoka kwenye kibanda, alisema, unaona ile rasi ambako mitumbwi inatokea. Kwanza unasikia nyimbo zao za kupiga kasia, halafu unaona. Unga anaukanda gizani, moto anauwasha, lakini mafuta hayaweki motoni mpaka aione mitumbwi inazunguka rasi. Hakuwahi kukosea hata siku moja, na hofu ya mtumbwi usiorudi haitamkwi karibu na maji.

"Kule ku barabara," alisema, "nitakuwa naona pikipiki, ile moto-teksi tu."

Halafu akashuka kwenda kuosha vikombe. Nilisimama pale mikono mitupu, beseni nimeliacha kibandani, na moyo uliniuma. Tulikuwa tumemchorea mama huyu umeme na saruji, na tukamwondolea asubuhi.

Nilimkuta Patrice nyumbani, amelala ubavu, na bibi yake anampikia uji. Nikamweleza. Alikaa kitandani.

"Lakini Maman, balikubali! Kauli moja! Juu ya nini hawakusema?"

"Walisema," nikamwambia. "Wewe ukala majibu yao."

Kijana mwema yule. Akauliza tufanye nini. Na hilo ndilo lilikuwa gumu. Kutia kibanda kwenye mchoro ni kazi ya asubuhi moja. Kubadili kauli moja, iliyopigiwa makofi mbele ya mgeni wa heshima, ni kazi nyingine kabisa. Ukisema wenyeji hawakukubali, umewafanya waongo. Ukisema mgeni hakusikia, umemfanya kiziwi. Ukisema injinia alikosea, kampuni haipati kazi tena. Hapa kwetu uamuzi mbaya unaweza kuishi miaka kwa sababu tu hakuna njia ya adabu ya kuuzika.

Nikaenda kwa Papa Gaspard. Alikuwa ameshastaafu siku nyingi, anakaa barazani na mguu wake wa jongo juu ya kigoda. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuuliza habari za mchoro, wala za gati.

"Mulikula?" akauliza.

"Nani?"

"Bote. Mulikula pamoya?"

"Hapana. Alikula Patrice tu."

"Basi ile mukutano haiyafunguliwa," akasema, akafumba macho kama mtu aliyemaliza hesabu. "Na kitu haiyafunguliwa, haiwezi kuwa ilifungwa."

Kesho yake nikapiga simu kwa kila mmoja aliyekuwepo. Nikawaambia kwamba kwa aibu kubwa tumegundua ufunguzi wetu haukukamilika, kwa kuwa wageni waliondoka bila kula, na hatuwezi kugusa udongo wa watu kwa ufunguzi wa namna hiyo. Tunaomba warudi tumalizie. Hakuna aliyekataa. Hakukuwa na aliyekosea, wala aliyegeuza maneno yake. Lawama zote tuliitwika chai. Mgeni wa heshima alifurahi zaidi ya wote. Alikiri kwamba hata yeye siku ile aliondoka na njaa, akiogopa kuonekana mlafi.

Ufunguzi wa pili niliufanya kwenye kibanda chenyewe, asubuhi mitumbwi inaporudi. Patrice alitaka kuja na projekta. Nikamuuliza ataichomeka wapi, kwenye sufuria? Alikuja na mchoro wa karatasi, akautandaza juu ya meza ya Maman Vestine, na vikombe vikashika pembe zake. Hakukuwa na kiti chenye mikono. Mgeni wa heshima alikaa benchi moja na watu wanaonuka samaki, na niseme kweli, alionekana mwenye raha kuliko siku nyingine zote nilizomwona.

Nyimbo zilisikika kwanza, kama alivyosema Maman Vestine. Mitumbwi ikazunguka rasi. Nyuma yangu mafuta yakalia motoni, wala sikugeuka kumtazama, maana niliona si haki yangu.

Wavuvi walipokwisha kukaa, nilimwomba Patrice jambo moja tu. Asieleze chochote. Atuonyeshe kwenye mchoro mahali tulipokaa.

Kidole chake kilianzia majini. Kikapita juu ya gati, kikapita banda la samaki, kikapunguza mwendo, kikasimama.

"Hapa," akasema.

Papa Silas akainama. "Hii iko nini?"

"Uwanja wa magari."

"Ah," akasema Papa Silas. "Kumbe tuko nakunywa chai mu parkingi."

Watu walicheka mpaka vikombe vikatikisika, na mgeni wa heshima akacheka, na Patrice naye, nampa sifa yake, alicheka kwa dhati. Kisha akafanya kitu ambacho nilikuwa nimejaribu kumfundisha tangu siku alipoajiriwa. Alinyamaza. Aliutazama mchoro, akatazama kibanda, akamgeukia Maman Vestine aliyekuwa anaopoa mandazi kwenye mafuta.

"Maman," akauliza, "jiko yako inaombaka nafasi gani?"

Nilijua kwamba hajui jibu. Hapo, baada ya picha za kutoka hewani na makofi na kauli moja, ndipo mradi ule ulipoanza, na kama ningekuwa na kengele ningeipiga. Mnaponiuliza mkutano mzuri wa kuanza ni upi, nawajibu ni ule ambao mwenye mradi ameuliza swali moja asilolijua jibu lake, mbele ya mtu anayelijua, na akangoja. Mengine yote ni viti.

Maman Vestine aliweka chujio chini. Alifuta mikono, mmoja mmoja, kwa kitenge chake. Wanaume walikuwa wamerudi kutazama vikombe. Jioni ileile walikuwa waingie tena majini, na kila mmoja pale alijua lipi haliruhusiwi kutamkwa.

"Nafasi si shida," akasema. "Hata unipunguzie. Unaweza kunisogeza kidogo, kama magari inataka kupita. Ile upande ya maji tu, usijenge ukuta."

Patrice akachukua kalamu, akachora mraba mdogo ukingoni mwa uwanja wa magari. Kwa upande wa ziwa akaacha mstari haujafungwa. Halafu, kwa kuwa ni injinia, akauliza mlango wa upande huo uwe wa mbao au wa chuma.

"Usiweke mulango," akasema Maman Vestine. "Acha wazi."

Hakuna aliyeuliza kwa nini. Mimi machozi yalinitoka, na moshi wa jiko ulinisaidia kuyaeleza. Janvier, kijana mpana wa mabega, alikuwa ameketi katikati ya wenzake, nywele bado zinadondoka maji. Aliinuka, akashuka mpaka ufukweni, akaanza kukaza kamba ya mtumbwi iliyokuwa imekazwa tayari.